Paka Waliosusa kwa Mkaguzi

Alikagua shule miaka thelathini na mmoja. Siku alipostaafu, walimu walimpigia makofi marefu kupita kiasi, naye akadhani ni mapenzi.

Wiki ya kwanza nyumbani alipanga vijiko kwa urefu. Wiki ya pili akamfundisha mkewe, fundi cherehani aliyeshonea watu tangu ujana wake bila kuhitaji msaada wa mtu, namna sahihi ya kukata uzi. Wiki ya tatu akawageukia paka.

Walikuwa wawili, Soksi na dada yake Masizi. Miaka yote walikula vichwa vya samaki kwenye ukumbi wa nyuma, kila mmoja kwa wakati wake. Mkaguzi akaiita hiyo vurugu. Akanunua bakuli mbili za bati, akazisugua kwa dawa ya choo, akazipanga bafuni kando ya sanduku lao la mchanga la kujisaidia. Saa moja kamili asubuhi akasimama juu yao, daftari mkononi.

Soksi alinusa, akamtazama, akakuna sakafu kana kwamba anafukia uchafu. Masizi hakujisumbua hata kunusa.

Siku ya pili, yale yale. Mkaguzi akafungua uchunguzi. Alianza sokoni.

"Samaki wako wana nini?" alimuuliza muuza samaki.

"Wana miba, mzee."

Akarudi akamtuhumu jirani kwamba anawalisha paka kwa siri.

"Mimi hata mume wangu simbembelezi kula," jirani akamjibu, "sembuse paka wako!"

Mkewe alisema neno moja tu: "Warudishie sahani zao kule nyuma."

"Mama watoto, hili ni suala la kitaalamu."

Siku ya tatu mbavu za Masizi zilianza kuhesabika, na mkewe akamwita daktari wa mifugo bila kuomba kibali cha mtu. Akaja binti mmoja mwenye buti za mpira. Aliwapima joto, akawafungua vinywa, akawabonyeza matumbo. Wazima.

"Huwa wanakula wapi?" akauliza.

Mkaguzi akamwongoza bafuni, kifua mbele. Binti akaziba pua.

"Mzee, hapa ni mezani au chooni? Na hii dawa! Pua ya paka si kama yako. Wewe husimama wapi?"

"Hapa hapa."

"Na daftari?"

"Na daftari."

Binti akacheka. "Uliwahi kuja darasani kwetu nikiwa la tano. Ukasimama hivyo hivyo. Mwalimu wetu alisahau hata jina lake."

Mkewe aliegemea mlango, akacheka mpaka machozi. Mkaguzi akalificha daftari mgongoni. Masikio yake yaliwaka moto.

Jioni ile sahani za zamani zilirudi kwenye ukumbi wa nyuma, naye akapewa amri ya kukaa chumbani, ambako mlango wake unatazama ukumbi huo. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Masizi akaacha kutafuna, akageuka kuutazama mlango. Mkewe akaja, akaliziba tundu kwa kipande cha kitambaa.

Baadaye, sahani zimelambwa zikang'aa, alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini: "Na wewe, mbona siku hizi unabakisha chakula?"

"Umeona, eh?" mkewe akasema. "Basi kesho tafuta pa kwenda saa za mchana."

Akatafuta. Sasa anashinda kwa watu. Juzi alikuwa kwa jirani, ambako fundi bomba alikuwa akibadilisha mfereji wa jikoni, naye Mkaguzi amemwinamia begani akimsimulia jinsi yeye mwenyewe, kwa uchunguzi wa kina, alivyogundua kinachowasusisha paka.

"Kiumbe ukimsimamia, hafanyi kitu," alisema. "Geuza kushoto. Siyo hivyo. Kushoto!"

Maji yakaruka mpaka darini.