Gauni Lililonibana

Mnisamehe mwandiko na makosa, niliishia darasa la saba na naandika taratibu.

Kila tukifungua belo la mitumba hapa sokoni Mchikichini, harufu ya nguo za ng'ambo inanirudisha kwenye siku mama alipokuja likizo nyumbani Kariakoo. Alikuwa anajitolea nje ya nchi, akilea yatima kwenye kambi ya wakimbizi. Majirani walijaa kumpongeza. Akanivalisha gauni aliloniletea, likagoma kupita mabegani.

"Umekua lini wewe?" akacheka.

Bibi, aliyekuwa akinilea, akamjibu, "Ulipokuwa kwa watoto wa wenzio."

Gauni akapewa mtoto wa jirani. Nikamwomba mama asiondoke tena.

"Mwanangu, wale hawana mama," akasema, akaendelea kufunga begi.

Mpaka leo yuko huko, na mtaani wanamsifu. Kama mama yako naye ni mama wa watu wote, niandikie, uniambie unamwitaje.