Muuaji wa Ukurasa wa 212

Saa mbili na nusu asubuhi, Dympna Quigg ameegesha gari la maktaba kando ya daraja la Drumcullion, mvua inapiga paa, naye anafuta. Ana raba mkononi na kitabu chenye jalada jekundu mapajani. Anafuta ukurasa wa 40, anapuliza vumbi, anafungua wa 41, anasonya.

"Miaka ishirini na miwili naendesha gari hili," anajisemea. "Nimefuta chai, nimefuta siagi, nimefuta matapishi ya mtoto. Lakini hiki! Hiki kitanitoa roho."

Ni riwaya ya kusisimua: mabomu, majasusi, mawaziri waongo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini wakiwindana. Mwandishi wake anaishi London. Kwingine watu wanakisoma kisha wanalala zao. Hapa Drumcullion, katika Ireland ya Kaskazini yenyewe, Wakatoliki upande huu wa daraja na Waprotestanti upande ule, wanakisoma penseli mkononi.

Palipoandikwa jina la mji wa Derry, Mprotestanti mmoja ameongeza "London" mwanzoni, lisomeke Londonderry, kama upande wake unavyouita mji huo. Mkatoliki aliyefuata akaikata. Wa tatu akairudisha, tena kwa wino.

Dympna ana miaka hamsini na minane na analipwa paundi kumi na tatu kwa saa, kufuta ujinga wa watu wazima kukiwemo. Vituo vyake vilikuwa arobaini na kimoja, sasa vimebaki ishirini na vitatu. Anachokipenda kuliko vyote ni kikundi chake cha wasomaji: watu kumi na mmoja wa pande zote mbili, miaka tisa sasa, kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, katika chumba cha nyuma cha kituo cha zimamoto.

"Kumbi za makanisa, hawa hawaingii kwa wale, wale hawaingii kwa hawa," anasema. "Lakini nyumba ikiwaka, wote wanaita gari lilelile."

Mwezi uliopita kikundi hicho kilivunjwa na herufi moja.

Huku, Mkatoliki akitaja herufi H husema "heichi". Mprotestanti husema "eichi". Hata mtoto wa chekechea anajua. Dympna, ambaye rafu zake zina waandishi tele wenye majina yanayoanza na herufi hiyo, huiita "ile ya nane", asiudhi upande wowote, na kuendelea na kazi.

Sasa, kwenye ukurasa wa 212, mpelelezi anamwamuru muuaji ataje herufi za neno hospitali, naye anaanza na "eichi". Mprotestanti huyo. Lakini ukurasa mmoja nyuma, muuaji huyohuyo ametoka misa, rozari mfukoni. Mwandishi alichanganya mambo, basi, na hakuna aliyemwambia.

"Ni wa kwenu," alisema Bi Concepta Devlin, mwalimu mstaafu, Mkatoliki. "Kasema eichi."

"Na hiyo rozari ni yangu mimi?" akajibu Mzee Uel Stronge, mfugaji wa kondoo, Mprotestanti. "Mchukueni muuaji wenu mwende naye."

Hao wawili wameketi kiti kwa kiti miaka tisa. Bi Concepta ana baridi yabisi ya mikono, na Uel ndiye aliyekuwa akimbebea kikombe cha chai. Siku ile kila mmoja alivaa koti lake akatoka, na wengine watano wakawafuata. Walibaki wanne.

Ofisi ya maktaba haitoi vitabu kwa kikundi kisichofika watu wanane. Alhamisi hii wasipofika tena idadi hiyo, kikundi kinaondolewa kwenye orodha. Dympna amewapigia simu wote saba, na kila mmoja kauliza kwanza kama wale wa upande wa pili watakuwepo.

"Watu wana wajukuu!" anafoka. "Wanagombania muuaji ambaye hata hayupo!"

Anafika ukurasa wa 212. Raba inasimama.

Pembeni, kwa mwandiko wa Bi Concepta: "Mkatoliki hasemi eichi." Chini yake, Uel: "Mprotestanti haendi misa." Concepta tena: "Basi mwandishi ni punguani." Uel: "Leo ndiyo umesema kweli."

Dympna anakagua orodha ya walioazima. Concepta, Uel, Concepta, Uel. "Nami nilidhani wamekipenda! Wanapishana dukani bila hata salamu, halafu wanaandikiana barua kwenye kitabu cha umma, na tarishi ni mimi!"

Mstari wa mwisho ni wa Uel, nao haujajibiwa: "Mwandiko wako umepinda sana siku hizi. Mikono inauma? Nani anakubebea kikombe?"

Dympna anausoma mara mbili, na machozi yanamlengalenga. Anakasirika zaidi.

Saa nne mlango unagongwa. Ni Bi Concepta, mwavuli unachuruzika maji.

"Kile chekundu kimerudi?"

"Kimerudi, mwalimu. Lakini hakiazimwi. Kipo matengenezoni."

"Matengenezo? Kwani ni trekta?"

"Kitakuwa mezani pale zimamoto, Alhamisi saa tisa. Anayetaka kuandika ataandikia palepale, tena ameketi."

"Wewe mtoto, usinichezee. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

"Basi soma." Dympna anamfungulia ukurasa wa 212.

Bi Concepta anasoma polepole, midomo ikicheza. Mkono wake, vidole vimejikunja, unatafuta penseli iliyofungwa kwenye kaunta kwa uzi. Dympna anaivuta isifikike.

"Alhamisi, mwalimu."

"Mwambie tu kwamba..."

"Simwambii kitu. Mimi si posta."

Bi Concepta anaanza kufunga vifungo vya koti, na kila kimoja kinamchukua muda. Hataki kusaidiwa. Akiwa kwenye ngazi anageuka.

"Umesema saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Chai ya zimamoto ni mbaya," anasema, kisha anaishika njia ya nyumbani.

Uel hufika garini likishavuka daraja, saa sita, naye ataambiwa hayohayo. Wanne na hao wawili ni sita. Wale watano waliondoka kwa kuwafuata hao wawili, na Dympna anaamini watarudi vivyo hivyo. Alhamisi atapanga viti kumi na kimoja, na kitabu kijacho, ameapa, kitakuwa cha mapishi.

Anarudi kitini, anaokota raba. Anauruka ukurasa wa 212, anaendelea na wa 213.