Alichokuwa Akitazama Kaka Yangu

Kaka yangu alipokuja mara ya mwisho kutoka ng'ambo, alitufungia runinga mpya ukutani, akaiunganisha na akaunti yake ya filamu za mtandaoni. Ukiiwasha zinatokea picha mbili: moja yake, na moja aliyotutengenezea sisi, chini yake ameandika "Nyumbani". Alimfundisha Mama kubonyeza rimoti mpaka wote wawili wakachoka kwa kucheka. Kisha akarudi kazini kwake, na sisi hapa Kimulot tukabaki kuchuma chai asubuhi na kutazama filamu jioni.

Mama alikuwa na msimamo wake. Filamu za Wamarekani alizikataa wiki ya kwanza: watu wanagombana jikoni saa nzima na hakuna anayepika. Alipenda tamthilia za Wakorea kwa sababu vijana wanainamia wazee na kupokea vitu kwa mikono miwili. Hajui kusoma, kwa hiyo mimi nilisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini na kumwambia kwa lugha yetu ya Kipsigis, siku zote nikiwa nyuma kwa sentensi moja au mbili. Tena alikubali sehemu moja tu kwa siku. Nikimwambia zote ziko pale, tunaweza kuendelea, anasema, "Na kesho nitakuwa na nini?"

Mama mwenye duka hapa senta, ambaye watu wake walihamia kutoka Nyeri zamani, alituona washamba. Yeye aliegemeza simu kwenye mfuko wa sukari akamaliza tamthilia nzima kwa siku mbili, huku akipima mchele bila kuangalia mizani. "Kungoja ni kwa nini na iko yote?" aliniuliza. Nikienda kununua chumvi nilikuwa nikiziba masikio asinimwagie mwisho wa tamthilia.

Halafu Baba akafa, na kaka hakuja kumzika. Alisema karatasi zake zina shida; akitoka kule hataruhusiwa kurudi. Mimi ndiye niliyeshika hiyo simu, nimesimama nje ya hema la mazishi, wazee wakiuliza kifungua mimba yuko wapi. Nilimwambia, "Kama umeshindwa kuja kwa hii, usijisumbue kuja kwa ingine yoyote." Kisha simu ikakatika. Tangu siku hiyo hakupiga, na nikipiga mimi hashiki.

Lakini akaunti yake haikukatika. Jioni moja nilibonyeza picha yake badala ya yetu, kwa bahati mbaya, nikaona safu ya vitu alivyokuwa akitazama, kila kimoja na mstari mdogo chini unaoonyesha amefika wapi. Kulikuwa na hadithi ya mapolisi wa nchi fulani ya theluji. Yuko katikati ya sehemu ya tatu. Mama akauliza hiyo ni nini, nikamweleza. Siku iliyofuata alitaka nifungue tena. Mapolisi walikuwa wamefika sehemu ya tano.

"Kumbe yuko," Mama akasema.

Kuanzia hapo tulipitia safu yake kwanza, kabla ya Wakorea wetu. Tulijua wiki ambazo kazi imembana, kwa sababu mistari haikusonga. Akiacha filamu baada ya dakika kumi, Mama alimuunga mkono: hata yeye ingemchosha. Kuna wakati alitazama mashindano ya kuoka mikate, sehemu nane mfululizo, na Mama akahuzunika. "Mwanaume anakaa kutazama mikate. Hana wa kumpikia." Niliona haya, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, lakini sikuacha.

Kisha zikatokea katuni. Zilikuwa za watoto wadogo kabisa: sungura wenye buti za mvua wakihesabu machungwa. Nikadhani amebonyeza vibaya. Kesho yake zilikuwa nyingi zaidi, na mstari wa ile ya machungwa ulikuwa umerudi mwanzo, maana yake imetazamwa tena.

Mama akasogeza kiti. "Hiyo ni ya mtoto."

"Labda ana mgeni, Mama. Mgeni amekuja na mtoto."

Wiki nne baadaye sungura walikuwa bado wapo. "Mgeni gani anakaa mwezi mzima?" Mama akasema. "Kuna mtoto kwa hiyo nyumba."

Akaniamuru niwatafute hao sungura, tukawatazama sisi wawili, nikimhesabia machungwa. Katikati akaniuliza ni nani alimwitia huyo mtoto majina ya wazee wetu waliokufa alipozaliwa, kama ilivyo desturi yetu, mpaka apige chafya na kuonyesha ni nani amerudi. "Na kama aliyerudi ni Baba yako?" akasema. Nilimwandikia kaka habari za mvua, za ng'ombe, za afya ya Mama. Juu ya mtoto sikuuliza, maana ningelazimika kusema nimejuaje. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa.

Alasiri moja mvua ilitutoa shambani mapema. Niliwasha runinga, na zile picha mbili hazikutokea; yalitokea maandishi tu.

"Inasemaje?" Mama akauliza.

Nilifikiria kumdanganya. "Inasema runinga hii si ya nyumba ya mwenye akaunti."

"Nani amesema mimi si wa nyumba ya mtoto wangu?"

"Ni kampuni, Mama. Wamebadilisha sheria kwa watu wote."

Chini kulikuwa na mahali pa kubonyeza ili nambari itumwe kwa simu ya kaka. Nambari yenyewe inadumu dakika kumi na tano. Nikabonyeza, nikamwandikia: "Tafadhali tutumie hiyo nambari, ni ya Mama." Tukakaa. Dakika zikaisha. Kesho yake tukajaribu tena, na kesho kutwa. Mama wa duka alijitolea kunisaidia kufungua akaunti yetu wenyewe, nikashindwa kumweleza kwa nini hiyo haisaidii.

Siku ya nne nilibonyeza asubuhi kwa mazoea tu, nikaacha simu ikichaji, nikaenda kuchuma. Kituoni tulingoja sana lori la kuchukua majani ya chai. Niliporudi nilikuta ujumbe wa kaka. Tarakimu nne, bila salamu. Zilikuwa zimeingia zaidi ya saa moja iliyopita. Mama, aliyekuwa amebaki nyumbani, alisikia simu ikilia lakini hakuigusa, kwa sababu haigusi simu ya mtu.

Niliziingiza hata hivyo, zikakataliwa. Nikabonyeza upya, nikaandika, nikapiga. Simu iliita mpaka ikanyamaza.

"Ametuma nini?"

"Nambari."

"Hakuna kitu ingine?"

"Hakuna."

Aliomba kuziona. Nambari anazijua, akazisoma kwa kidole, moja baada ya nyingine, kisha akarudia.

Nilimwandikia kaka kuomba msamaha kwa kuchelewa, na baadaye nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya siku ya mazishi. Yote yamesomwa.

Jumapili iliyopita, wakati wa shuhuda, Mama alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mjukuu. Watu walipiga makofi. Baada ya ibada wanawake walinizunguka, wakanipa mikono, wakaniuliza ni msichana ama ni mvulana. Niliwaambia bado hatujaambiwa.