Tundu la Kupitishia Sahani

Juzi nilipita mtaa wa Kadutu, nikabisha kwenye nyumba tuliyokulia miaka ile ya Wabelgiji. Mama anayeishi pale sasa alinikaribisha vizuri, kisha akashangaa kuniona ninapapasa ukuta wa sebule. Nilikuwa natafuta tundu. Limezibwa kwa simenti.

Nyumba zile ndogo zilichorwa na mtu ambaye hatukumwona kamwe, nami utotoni nilitamani sana kumhoji. Kwa nini paa limeinama upande mmoja tu? Kwa nini jiko liko ndani, na ukutani kuna tundu la mraba la kupitishia sahani? Siku moja nikapanda kiti cha papa, baba yetu, kilichokaa sebuleni kulielekea tundu, nikaelewa kidogo: macho yalipita tunduni, yakatokea dirisha la jikoni, yakafika ziwani. Papa alikipenda kiti kile mno. Akirudi kazini alikaa pale na bugali yake, akiliangalia ziwa linavyobadilika rangi.

Kisha akaja bibi, mama yake mama, kutoka Nyantende, maana huko alibaki peke yake. Sasa, kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe. Na bibi alipangiwa kula jikoni, sawasawa mbele ya lile tundu! Mama akatundika kitenge, upepo ukakifunua. Kuliziba tundu hatukuweza: nyumba bado haikuwa yetu, hata msumari uliombewa ruhusa ofisini. Siku ya tatu bibi, tumbo tupu, akafunga mzigo wake.

"Hii nyumba haina haya," akamwambia mama. "Mukwe ananiangalia mu kinywa. Narudia kwangu."

Nililia kweli kweli. Nilikuwa nimemzoea haraka.

Papa alisikia yote. "Ambia maman yako abakie," akamwambia mama. "Kiti iko yangu, nitaigeuza."

Akakigeuza, kikaelekea ukuta mtupu. Jioni ile, nyuma ya mgongo wake, tukasikia bibi anatafuna mahindi ya kuchoma.

Akakaa nasi miaka mingi. Alipofariki, mimi na mama tulikielekeza kiti ziwani tena, tukidhani tunamfurahisha papa. Alikaa, akatazama lile jiko bila mtu, akainuka, akakirudisha.

Siku hizi mkwe na mama mkwe wanakula meza moja, wala siwalaumu. Lakini papa nilimkumbuka sana. Nikamwomba yule mama mwenyeji kiti, nikakaa nikiuelekea ukuta ule mtupu wa papa.