Dakika Kumi na Moja za Viatu Vyangu

Kwanza niwaambie: kwa kamera, mimi si mtu wa kuchezewa. Shule niliacha kidato cha pili, baada ya mimi na hesabu kushindwa kuelewana, lakini kamera nimeibeba miaka ishirini na sita hadi bega moja likawa chini kuliko jingine. Chuo cha utangazaji kiliponiomba nifundishe habari za picha, sikushangaa. Nilishangaa tu walivyochelewa. Wanafunzi wananiita Anko. Mkuu wa chuo, mwenye shahada zake mbili, ananiita Mwalimu, ila neno lenyewe hulitoa kama mtu anayemeza kidonge.

Darasani kulikuwa na binti tuliyemwita Kimya, maana maneno yake ya wiki nzima yangeenea kiganjani. Siku ya mtihani wa vitendo, mama mmoja mhariri wa televisheni alikuwa anakuja saa tisa alasiri kutazama taarifa za wanafunzi na kuajiri mmoja. Mmoja tu. Kimya alichagua habari ya paa la soko linalovuja mwaka wa pili sasa. Asubuhi hiyo, mwenzake wa kumpigia picha akaamka na homa.

"Anko, nitafanyaje?"

"Utafanyaje nini? Umempata mpiga picha wa mawaziri!"

Kwa kweli ni waziri mmoja tu, na alikuwa amenipa mgongo.

Sokoni, Kimya akamsimamisha msimamizi wa soko chini ya tundu lenyewe. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi kwa madaha. Darasani huwa napiga kelele, "Hakikisheni taa nyekundu inawaka!" Lakini hiyo ni sheria ya wanafunzi. Vidole vyangu vina akili zao.

"Mzee, ombi la ukarabati lilipelekwa lini?" Kimya akauliza.

Msimamizi akajikuna kisogo. "Kusema kweli halikupelekwa. Liko mezani kwangu. Nilisahau."

Nusura nipige makofi.

Saa sita tukafungua picha kwenye chumba cha kuhariri, darasa zima limejazana nyuma yetu. Kwenye skrini vikatokea viatu vyangu. Viatu vikitembea. Viatu vikiruka dimbwi. Kisha sauti yangu ikimwambia muuza vitunguu, "Mkuu wetu yule, hata stendi ya kamera hajui kuifungua." Dakika kumi na moja nzima. Halafu akatokea msimamizi, akafungua kinywa, na picha ikakatika. Kumbe kamera niliiwasha tangu kwenye geti la soko bila kujua. Pale nilipodhani nawasha, nilikuwa nazima.

"Anko," mmoja akasema, "soli ya kushoto imekwisha."

Kimya hakucheka. Hakunigombeza pia, na hilo ndilo lililoniuma. Tukarudi sokoni mbio. Tukamkuta msimamizi ameshavaa koti na ameshafikiri.

"Ombi lilipelekwa zamani. Nani kasema halikupelekwa?"

Safari hii taa nyekundu iliwaka kama jicho la mlevi, nami niliikodolea macho bila kupepesa.

"Basi, mwanangu," nikasema alipoondoka. "Tuonyeshe paa tu, yaishe."

"Hapana. Anko, simama hapo chini ya tundu."

"Mimi?"

"Si ulisikia?" Akaifunga kamera kwenye stendi, akaninyooshea maikrofoni.

"Katika miaka yangu ishirini na sita ya kuwapiga picha mawaziri—"

"Anko! Alisema nini, na kwa nini hatuna picha?"

Nikaitazama taa nyekundu. "Alisema ombi liko mezani kwake, alisahau. Picha hatuna kwa sababu nilibonyeza vibaya."

Saa tisa taarifa ikaonyeshwa: paa, ndoo chini yake, Kimya akieleza alichoambiwa asubuhi, msimamizi akikana. Halafu mimi, sekunde sita, na chini ya kidevu changu maandishi: Mpiga picha aliyekosea. Mkuu wa chuo akatoa leso, akajifuta machozi ya kucheka.

Mhariri alirudisha kipande changu mara mbili, akamgeukia Kimya. "Ungeweza kuficha hili."

"Ningeficha, msimamizi ndiye angeonekana mkweli."

Mhariri akafunga daftari lake. "Jumatatu, saa mbili asubuhi, ofisini kwangu."

"Nije naye?" nikadakia. "Kumsindikiza tu."

"Msindikize," akasema, "ila kamera uiache hapa."