Mlango wa Nyumba ya Kaka

Kazi yangu ni kuwauliza watu wanataka nini kabla hawajajengewa kitu wasichokitaka. Kwenye barua ya ajira imepewa jina refu la uchambuzi, lakini kwa miaka yote niliyoifanya hapa Busia, mji wa mpaka na Kenya, kazi yenyewe ni hiyo tu. Nakaa na akina mama wa sokoni, na madereva, na maofisa wanaotazama saa kila nikifungua mdomo. Nasikiliza, kisha narudi kuwaambia wenye fedha kwamba pale walipopanga kujenga choo, watu wanaomba taa. Wenye fedha hawanipendi sana. Sijali.

Vijana wapya ofisini huwa nawafundisha hatua za mradi: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia njiani, kufunga. Wote wanazipenda za katikati kwa sababu ndizo zenye saruji na picha. Ya kwanza wanaipita mbio, na ya mwisho wanadhani ni kukata utepe na kunywa soda. Huwagombeza. Nawaambia mradi huharibikia kwenye ncha zake mbili: kuna mtu hamkumuuliza, au hamkujua mnamkabidhi nani. Sikudhani siku moja ningeyasema hayo mbele ya ukoo wangu, huku kaka yangu akiwa mochwari Tororo.

Kaka alikuwa mkubwa wangu, na hatukuwa na kaka mwingine. Alifanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, akapanga chumba upande wa Kenya pamoja na mkewe, Msamia wa huko huko, na watoto wao. Kila Krismasi alituambia mwaka ujao anaanza kujenga nyumbani, Kiyeyi. Tulimcheka, naye akacheka kutuzidi. Kisha maradhi yakamshika ghafla na hayakumwachilia. Mpaka leo nikisikia kicheko kama chake barabarani, nasimama.

Kwa ukoo wetu, mwanamume mwenye mke hazikwi nyumbani kama hana nyumba. Lazima kwanza ijengwe, hata ya udongo, hata ndogo, mwili uingie humo ulale, ndipo kaburi. Kwa hiyo tulikuwa na mradi, na tarehe yake haikuweza kusogezwa.

Kikao kiliongozwa na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu. Mipango alijua kuipanga. Kabla chai haijapoa alishagawa nani anakata miti, nani anachota maji ya kukandia udongo, nani anakwenda Merikit kuomba mabati yaliyobaki kwa shemeji yetu. Nilikuwa natikisa kichwa kwa kuridhika hadi alipofika mwisho. Chumba kimoja, alisema. Mlango tutaazima ule wa jikoni kwake, na tukishazika utarudi mahali pake.

Niliuliza swali ninaloliuliza kila siku kazini: baada ya mazishi, nani atakaa humo?

Kikao kilikuwa cha Kidhopadhola, lugha ya kwetu. Lakini baba mdogo akitaka kunikemea huhamia Kiswahili, kile alichokiokota Busia zamani akiuza ng'ombe.

"Wewe mutoto, hapa si ofisi yako," alisema. "Hii nyumba ni ya mutu amekufa. Mutu amekufa nauliza mlango ya nini?"

"Na baada yake, baba?"

"Kijana yangu naangalia nyumba. Bibi ya marehemu narudi kwao Kenya. Si ni hivyo?"

Aliwauliza waliokaa, nao wakatazama chini. Hakuna aliyejua kama ni hivyo, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza mjane mwenyewe. Alikuwa hatua chache kutoka hapo, kwenye mkeka ndani ya nyumba ya mama, na lugha tuliyomjadili kwayo hakuielewa vizuri. Nikainuka, nikasikia mtu akiguna nyuma yangu.

Nilikaa karibu naye, nikanyoosha miguu kama yeye. Mtoto wao wa mwisho alikuwa amelala mapajani mwake. Nilimwacha anizoee kwanza, kisha nikauliza, "Wifi, hiyo nyumba wanayojenga, wewe ungependa iweje?"

"Vile mtaamua nyinyi," alisema.

Kazini jibu hilo ndilo ninaloliogopa kuliko matusi. Mgeni asiyelijua huliandika, hushukuru na kuondoka, na mwaka ukipita unakuta pampu ya maji imeota majani. Watu husema hivyo wakiwa na heshima, au wakiwa na hofu. Ninachowafundisha vijana, na ndicho kinachowashinda, ni kunyamaza baada ya kuuliza. Nikanyamaza. Nje walikuwa wanashindilia udongo kwa miguu na kuitana.

"Mimi nitarudi Busia, wifi," alisema mwishowe. "Niko na meza yangu ya samaki wa omena pale, na watoto wanasoma pale. Kukaa huku siwezi, sitakudanganya. Lakini baba yao atalala hapa. Wakija kumwona watafikia wapi? Wapige hodi kwa watu? Sitaki watoto wangu wapige hodi kwa baba yao."

"Sasa unataka nini?"

"Mlango. Uwe na kufuli. Na ufunguo nikae nao mimi."

Tukalia wote wawili, yeye taratibu, mimi kwa hasira. Niliwakasirikia waliokuwa nje, na nilimkasirikia kaka pia, aliyecheka mwaka baada ya mwaka na kumwachia mkewe ombi la kufuli.

Nilirudi kwenye kikao na kusema yote kama yalivyosemwa, bila kupunguza. Nikasema mlango nitanunua mimi. Baba mdogo alisema ninunue nikitaka. Kuhusu ufunguo alisema tutaona. Nimefanya kazi na wakubwa wa kutosha kujua tutaona maana yake ni nini.

Mlango ulitoka kwa fundi wa Nagongera, wa mbao nzito, ukafungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda. Mimi nilifuata kwa boda nyingine, nikiutazama unavyoinama kwenye kila shimo na nikimpigia kelele dereva ambaye hakunisikia. Tulipofika, vijana walikuwa wameshasimamisha miimo, na uwazi walioacha ulikuwa wa kipimo cha ule mlango wa jikoni. Hakuna aliyewaambia mpango umebadilika. Niligomba, kisha nikaacha, kwa sababu kosa lilikuwa la kikao na wao walikuwa wamefanya walichotumwa. Wakang'oa, wakapanua. Baba mdogo alisimama pembeni akitazama.

Kaka aliletwa, akaingia nyumbani kwake kuta zikiwa bado mbichi. Nyumba ilinukia udongo na moshi. Mkewe alikaa penye kichwa chake hadi asubuhi, akiwa ameegemea ukuta uliomwachia rangi nyekundu mgongoni. Tukamzika mchana. Kuhusu kaburi siwezi kuandika zaidi.

Watu walipoanza kutawanyika, fundi alikusanya vifaa vyake, akavuta mlango, akabana kufuli, kisha akasimama na ufunguo mkononi. "Napatia nani?" aliuliza.

Hilo ndilo swali la hatua ya mwisho, na kwenye miradi yangu mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa. Baba mdogo alinyoosha mkono. Alifanya hivyo bila ubaya, kama mtu aliyezoea kupokea kila kitu cha familia yetu tangu baba alipofariki. Nikasema kwa Kiswahili, ili wifi asikie, "Baba mdogo, mwenye nyumba yupo."

Alinitolea macho. "Mutu ya Kenya nachukua funguo ya nyumba ya Kiyeyi?"

"Mama wa wajukuu zako," nilisema.

Hakuna aliyeniunga mkono, na hakuna aliyenipinga. Mkono wake ulibaki hewani, kisha akaushusha, akachukua fimbo yake na kuondoka bila kuniaga. Fundi akampa wifi ufunguo. Akaufunga kwenye pindo la leso yake, akakaza fundo kwa meno. Jirani yetu mmoja aliniambia nimemvunjia mzee heshima. Nilimwambia huenda ni kweli.

Baba mdogo hakusema nami tena mwaka ule. Nilipopeleka sukari kwake, aliipokea mkewe.

Krismasi wifi alivuka mpaka na watoto, kama alivyosema. Kuta zilikuwa zimepasuka na mijusi ilikuwa imehamia. Mtoto mkubwa alifungua kufuli, na wadogo wakakimbia ndani wakirushiana viatu, bila kumwomba mtu ruhusa. Nilikuwa uani nikichambua mchele nilipomwona baba mdogo akija kutoka kwake, kuku kwapani. Alinipita, akasimama, akarudi nyuma, akanikabidhi kuku. Kisha akaenda mlangoni.

Mlango ulikuwa wazi. Katika ardhi ile yeye huingia nyumba yoyote akikohoa tu. Lakini alisimama nje ya kizingiti, akavua kofia.

"Hodi," alisema.

Kelele za ndani zikakatika. Wifi, aliyekuwa jikoni, alitoka na mwiko mkononi, akanitazama. Kisha ikasikika sauti ya yule wa mwisho, aliyekuwa amelala mapajani siku ile, na ambaye uso wa baba yake hataukumbuka.

"Karibu, babu. Karibu kwetu."

Baba mdogo akainama, akaingia. Nami nikabaki uani na kuku mkononi, nikimlilia kaka yangu kuliko nilivyomlilia siku ya kumzika.