Ulimi wa Belmiro

Kaka yangu Belmiro alikuwa mwoka mikate kijijini kwetu, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Hispania. Kwa miaka arobaini na miwili alionja donge la unga kila alfajiri, na hakuwahi kupima chumvi kwa mizani. Lisboni, ambako mimi nimepiga pasi nguo za watu tangu ujana, hakuwa amekanyaga. Alisema mji usio na mkate wa maana hana haja nao.

Kisha saratani ikamshika ulimi huohuo. Baada ya Pasaka hospitali ya huko kwetu wakampiga mionzi, haikutosha. Daktari wa Lisboni akamwambia kwa simu kwamba Jumatatu wataukata wote, na akikataa, Krismasi hataiona. Ijumaa jioni kaka akashuka basi na begi moja.

"Nitakula siku mbili," akaniambia. "Jumapili jioni nitakujibu kama naenda au siendi. Mwoka mikate bila ulimi ni nini?"

"Ni mtu aliye hai, mpumbavu wewe."

"Haya, nilishe kwanza."

Nikaona kumbe dawa ndiyo hiyo. Akishiba na kuiaga ladha vizuri, atakubali. Usiku huo nikaloweka samaki wa chumvi kwa ajili ya Jumapili, na asubuhi nikamtoa nje.

Tulipanda tramu, lile gari la reli la mjini, mpaka kwenye ngome ya kale. Ilikuwa Juni, sadini wanachomwa kila kichochoro, akala sita juu ya mkate. Kule mtaa wa Belém, kando ya mto, akala keki nne za mayai, akazimwagia mdalasini mpaka mhudumu akamkodolea macho.

"Unatazama nini, kijana? Mkate wa mji wenu huu kwetu tunazibia matundu ya panya."

Kila alipotafuna alifumba macho na kuguna kwa raha. Miguu iliniwaka moto, lakini moyo ulikuwa mweupe. Nilijiambia nimempata.

Jumapili nikapakua samaki na viazi na mafuta ya zeituni. Belmiro alikuwa ameshajaza mdomo ndipo nikakumbuka. Samaki yule hubadilishiwa maji asubuhi na jioni, siku mbili nzima, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Mimi, kwa kuzurura, sikuwa nimebadilisha hata mara moja.

"Kama wa mama," akasema. "Kamili."

Nikatia kipande mdomoni. Chumvi tupu, hakimezeki. Nikakitemea kwenye leso. Yeye akasogeza sahani niongeze.

"Tangu lini, Belmiro?"

Akaitazama leso, akaweka uma chini.

"Tangu mionzi. Nilitumaini huku ladha ingerudi. Sadini, keki, vyote nilitafuna kama karatasi. Ulikuwa unafurahi mno, dada. Sikutaka kukuharibia."

Nilikasirika. Nilijionea aibu. Na niseme ukweli, niliona pia kwamba nimeshinda.

"Basi ulimi umeshakufa wenyewe. Unaung'ang'ania wa nini?"

"Wa kutukania wahudumu." Akajaribu kucheka, ikamshinda. "Nikikatwa, Lindinha, nitakuitaje?"

Hilo ni jina langu la utotoni, aliyebaki kulitumia ni yeye. Mama alishazikwa, baba vilevile, na kwa mji mzima mimi ni Bi Deolinda. Siku mbili nilihangaika na chakula. Kumbe alichohofia ni hicho. Nikainuka kuosha vyombo ili asinione uso.

Jumatatu alikwenda. Ndani ya tramu aliniita Lindinha kila kituo, bila sababu yoyote, nami nikaitika "naam" kwa sauti, watu wakigeuka kututazama. Mlangoni mwa wodi akaniita mara moja zaidi, kisha muuguzi akaniambia nibaki nje.

Yuko hai, nashukuru. Anakaa kwangu. Akinitaka hugonga meza kwa kijiko, nami huchelewa kugeuka, kwa sababu mpaka leo sijazoea kwamba ni mimi ninayeitwa.